Msumari wa Likoni, Msumari wa Sanjo

Springi ya lori la Kijapani haina haja ya kusomwa maandishi yake. Iguse kwenye grainda uzitazame cheche. Chuma laini cha nondo hutoa cheche ndefu zinazopasuka mojamoja kule mwishoni; pua hutoa cheche fupi zinazoanza kupasuka karibu na jiwe na kufanya kichaka cha nyota. Kiwandani huko Japani bapa lile lina jina lake, mara nyingi SUP9: kaboni kati ya asilimia 0.52 na 0.60, manganizi na kromiamu chini ya asilimia 1 kila kimoja. Mimi nilizijua cheche miaka mingi kabla sijazijua hesabu hizo, na hata leo nikiambiwa nichague kati ya karatasi na cheche, nashika cheche. Karatasi haisafiri na springi.

Nafua vyuma Magongo, Changamwe, ubavuni mwa gereji ya malori. Huku ndiko yanakoanzia safari malori ya Kampala, Kigali na Goma, na ndiko yanakorudi springi zikiwa zimevunjika. Karibu kila panga, tezo, patasi na tindo niliyouza ilikuwa Isuzu au Fuso kabla haijawa kitu kingine. Kwa hiyo nikiandika juu ya wahunzi wa Japani na wahunzi wa Mombasa upande wa bara, naandika juu ya watu ambao chuma chao kimepita kwenye koleo langu tangu ujana.

Vijana wanaokuja kunirekodi kwa simu zao huniuliza swali moja: “Mzee, mbona Wajapani wamehifadhi ufundi wao na sisi wetu umetupotea?” Swali hilo limekaa upande. Wajapani nao walipoteza. Walipoteza kilekile tulichokipoteza sisi, kwa sababu ileile, na karibu katika kizazi kilekile. Tofauti yetu ni mtu aliyebisha hodi kwa mhunzi baada ya hasara ile, na kitu alichomwomba amtengenezee.

Tuanze na chetu. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia aliyemtumikia mfalme Roger II wa Sisilia, alimaliza kitabu chake kikubwa cha dunia. Huku hakuwahi kufika. Aliandika aliyoyapata kwa mabaharia na kwa vitabu vya waliomtangulia. Anasema watu wa Malindi wana machimbo ya chuma, kwamba wanakifanyia kazi na kukiuza, na kwamba hicho ndicho pato lao kubwa. Mwendo wa siku mbili baharini kutoka hapo anauweka mji mdogo anaouita Manisa, ambao wasomi wengi wanausoma kuwa ni Mombasa. Watu wake pia anawapa kazi ya machimbo ya chuma, pamoja na kuwinda wanyama wakali kwa mbwa wekundu wasioogopa chochote. Habari ya mbwa tumwachie mwenyewe. Habari ya chuma imeachwa ardhini, na inaokoteka.

Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba aliitafuta hiyo ya ardhini. Alipita kwenye magofu ya mwambao, Mtwapa ambayo ni kuvuka tu kijito ukitoka Kisauni, Ungwana karibu na mdomo wa Tana, na Galu, kusini mwa Likoni ukishaipita Diani. Watu wengine hutafuta kaure ya Uchina na shanga. Yeye alijali mavi ya chuma, zile taka nzito nyeusi zinazobaki tanuru likishafanya kazi. Vipande vya chuma alivichunguza maabarani pamoja na mtaalamu wa metali David Killick. Kule Galu kulipatikana chuma cha kawaida cha tanuru la udongo, na pia vipande vya pua iliyoyeyushwa chunguni, vya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kama pua hiyo ya chungu ilipikwa hapahapa au ilikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, wataalamu wanabishana. Mimi mhunzi naona inatosha kwamba mtu wa Galu aliishika, akajua ni nini, akaifua. Pua ya namna hiyo haimvumilii mtu asiyeijua: ukiitia moto kupita kiasi inasambaratika chini ya nyundo.

Tanuru la udongo halikiyeyushi chuma kikawa maji. Mawe ya chuma na makaa hupangwa kwa matabaka, mivukuto ikapulizwa usiku na mchana, na mwisho ukapata donge lenye matundu, limejaa taka ndani. Donge hilo hupigwa likiwa jekundu mpaka taka zitoke, likikunjwa na kupigwa tena. Bara, kule Buhaya magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee walilijenga tena tanuru kama hilo mwaka 1976 mbele ya mtafiti Peter Schmidt. Walikuwa vijana walipofanya kazi hiyo mara ya mwisho, kabla ya majembe ya Ulaya kujaa madukani, na iliwabidi wajaribu tena na tena mpaka mikono ikakumbuka. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba Wahaya walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, yaani pua, katika tanuru moja, kwa kupitisha hewa kwenye mirija iliyoingia ndani kabisa ya moto. Wageni wakashangaa, filamu ikapigwa. Moto ukazimwa.

Sasa sikiliza ya Wajapani. Katika milima ya Okuizumo, mkoa wa Shimane, tanuru lao linaitwa tatara, nalo ni la udongo vilevile. Hawatii mawe, wanatia mchanga mweusi wa chuma unaochotwa mlimani na mitoni. (Anayetaka kuuona mchanga wa jamaa hiyo aende Mambrui, Sabaki inapomwagika baharini, na sumaku ya spika. Na ule wa Kwale, wenye titani, ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024 na kupakiwa melini Likoni, kwenye gati yake yenyewe.) Tatara moja hula takriban tani 10 za mchanga na tani 12 za makaa kwa siku tatu usiku na mchana. Mkuu wa kazi, murage, hulala vipande vipande na kuhukumu kwa rangi ya ndimi za moto na sauti ya tanuru. Asubuhi ya mwisho tanuru zima huvunjwa, na ndani kunatolewa donge la tani mbili na nusu hivi. Sehemu yake ndogo tu ndiyo ile pua safi, tamahagane, wanayoitaka mafundi wa panga za samurai.

Tatara hiyo ilikufa. Chuma cha Ulaya kiliingia kwa bei ya chini baada ya Japani kufungua bandari zake katikati ya karne ya 19, serikali ikajenga matanuru makubwa ya kisasa, Yawata ikaanza kuwaka mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 moto wa biashara ulikuwa umezimika Shimane yote. Uliwashwa tena mwaka 1933 kwa ajili ya panga za jeshi, ukazimwa na vita mwaka 1945. Moto unaoonekana leo kwenye televisheni uliwashwa mwaka 1977, na chama cha kuhifadhi panga za sanaa kikisaidiana na kampuni ya chuma ya Hitachi. Unawaka mara chache kila kipupwe, kuwapa mafundi wa panga nchi nzima mali yao.

Mwaka 1976 Buhaya, mwaka 1977 Okuizumo. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wakikumbuka ujana wao. Wa Okuizumo walikuwa na wateja wanaosubiri mzigo. Wa Buhaya walikuwa na kamera. Nafikiri hapo ndipo pa kutazama, kuliko kwenye maneno ya heshima kwa mila ambayo kila taifa hujisifu kuwa nayo.

Lakini panga za samurai hazikuijenga Japani ya viwanda, na mimi panga hizo zinanichosha kidogo. Aliyenivutia ni mtu mdogo zaidi: mfua misumari.

Baba yangu alikuwa mfua misumari. Kibanda chake kilikuwa Likoni, chini ya mkungu, hatua chache kutoka kwa waunda mashua. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli kilichozikwa nusu kwenye gogo. Makaa yake yalikuwa ya vifuu vya nazi, ambayo huwaka kwa ukali na kuisha upesi, kwa hiyo mtoto wa kuvuta mvukuto hapati pa kusinzia. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Msumari wa mashua ulikuwa na pembe nne. Fito hutiwa motoni, ncha ikachongolewa kwa mapigo machache huku ikigeuzwa robo kwa robo, ikakatwa kwa tindo, ikatumbukizwa kwenye tundu la bamba, na kichwa kikapigwa kabla wekundu haujaisha. Ukichelewa, kichwa hupasuka. Fundi wa mashua naye hutoboa ubao kwa keekee, akaviringisha pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari, ndipo akaugonga. Ubao ukinywa maji huvimba na kuzibana zile pembe nne, msumari ukakaa miaka.

Msumari wa mashine ulikuwa wa duara, wa waya, ukiuzwa kwa ratili dukani. Ulimnyang'anya baba nyumba kwanza, kisha vitanda, na mwisho wa yote mashua, ulipokuja uliopakwa zinki. Aliueleza mkasa huo bila uchungu. “Mwanangu, mimi napiga mmoja, wao wamwaga gunia.”

Aliishi kwa kutia pua. Jembe au shoka la chuma laini likilika mdomo, aliupasua mdomo huo ukiwa mwekundu, akapachika kati kipande cha tupa kuukuu, akanyunyiza mchanga safi, akalitia motoni mpaka likawa jeupe linatoa cheche, halafu pigo moja la upole na mawili ya nguvu. Vyuma viwili vikawa kimoja. Nilipokuja kuona jinsi kisu cha jikoni cha Kijapani kinavyofuliwa, pua ngumu ikilazwa ndani ya chuma laini, nilicheka peke yangu. Wao hunyunyiza unga wa boraksi na wa chuma mahali pa mchanga wa Likoni. Mpangilio wa mapigo ni uleule.

Basi Sanjo. Ni mji wa mkoa wa Niigata, nchi ya mpunga na mafuriko. Mwanzoni mwa karne ya 17, mito ilipokuwa ikiharibu mashamba mwaka hadi mwaka, mtawala wa pale aliwaleta wafua misumari kutoka Edo, ambayo leo ni Tokyo, wawafundishe wakulima kazi ya msimu usio na kilimo. Edo ilikuwa mji wa mbao uliozoea kuungua. Moto mkubwa wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa yake, na kila ilipojengwa upya misumari ilitakiwa. Sanjo na jirani yake Tsubame wakaishi kwa majanga ya wenzao kwa zaidi ya miaka mia mbili. Msumari wao pia ulikuwa na pembe nne.

Kisha, katika nusu ya pili ya karne ya 19, ukaja msumari wa waya kutoka ng'ambo. Gunia lilelile likamwagwa. Vibanda vya Tsubame na Sanjo vikakosa kazi kama vitakavyokosa vya Likoni baadaye.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Sanjo walikuwako wafanyabiashara wa jumla ambao kwa vizazi walikuwa wakizunguka Japani na mizigo ya vyuma, wakirudi na habari: huku wanataka mundu wa namna hii, kule shoka la mpini mfupi, kwingine patasi ya seremala. Mfua misumari aliambiwa acha misumari, fua mundu, sampuli hii hapa, nitarudi mwezi ujao. Kule Tsubame wengine walishika shaba na tupa na mabomba ya kuvutia tumbaku. Mwaka 1911 mfanyabiashara wa Ginza, Tokyo, akapeleka oda ya vijiko na uma za Kizungu, vitu ambavyo mafundi wenyewe hawakuwa wakilia navyo chakula. Wakavifua kwa mkono. Vita Vikuu vya Kwanza vilipovizuia viwanda vya Ulaya, oda za nje zikamiminika. Karibu karne moja baadaye vibanda vya ung'arishaji vya mji huohuo vilikuwa vikisugua migongo ya chuma ya iPod za Apple mpaka ikawa vioo. Kizazi baada ya kizazi kuna mtu aliyekuja na sampuli mkononi na tarehe ya kurudi.

Na huku kwetu? Reli ilianza kutandikwa mwaka 1896 ikitokea Kilindini, ikavuka Makupa, na Changamwe ikawa stesheni ya mwanzo ya bara. Makumi ya maelfu ya vibarua na mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo wahunzi wa Punjabi, makalasinga, waliokuwa hodari kweli. Hata baba, aliyekuwa mchache wa kusifu, alisema kalasinga akishika nyundo ukae kando. Kazi kubwa za chuma zikawa zao na za karakana za reli. Mhunzi wa Likoni alipata reli iliyokatika awe na fuawe. Mfanyabiashara wa jumla wa Mombasa naye alikuwa mtu wa kuleta kitu kilichokwisha tengenezwa. Panga na majembe yalikuja na meli kutoka Uingereza. Kutoka mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilikuwa na safari za kawaida za Afrika Mashariki, na miaka ya 1930 bidhaa za Kijapani zilijaa Mombasa: vitambaa kwanza, na vyombo vya enameli na vikorokoro vya chuma nyuma yake. Waingereza walipojaribu kuzibana kwa mgao mwaka 1934 katika makoloni yao mengine, hapa mikono yao ilifungwa na mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotaka biashara iwe wazi kwa mataifa yote. Sufuria nazo zilipata kiwanda chao cha alumini hapahapa Mombasa tangu mwaka 1929, kile kilichokuja kuitwa Kaluworks.

Yawezekana kabisa kijiko cha Tsubame kilifika duka la Mombasa siku ambayo mfua misumari wa Likoni alikuwa amekaa bila kazi mlangoni pa duka hilo. Ushahidi wa hilo sina na siuhitaji. Mwenye duka hakuwa na sababu ya kumgeukia na kumuuliza: wewe waweza kufua hiki?

Nimekutana na wawili tu waliouliza swali hilo huku bara, na wote wawili nawashukuru kila siku.

Wa kwanza ni wachongaji wa Changamwe. Hadithi yao inaanza na Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akawaona mafundi wa Kizaramo wakichonga kwa kuuza, na aliporudi kwao akaanzisha kazi iliyoenea kijiji kizima. Wakamba wengi wakateremka Mombasa kufuata watalii na mabaharia, na mwaka 1963 wakaunda chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft, barabara ya Port Reitz. Ukiingia pale unasikia tezo tu, mamia ya mapigo mafupi chini ya vibanda. Mchongaji hutumia tezo kubwa kutoa umbo, ndogo kutoa sikio la twiga, kisha kisu na msasa. Tezo ya dukani haimfai. Anataka pembe yake, uzito wake, na mdomo unaoshika makali kwenye mpingo, mti unaoweza kuvunja meno ya msumeno.

Mzee mmoja wa pale alinifundisha zaidi ya shule yoyote, na hakuwahi kusifu. Angeipima tezo yangu mkononi, akaigonga kwa ukucha, akachonga mara nne au tano kwenye gogo lake. “Fundi, hii yaruka.” Maana yake mdomo umelala mno. Nikaukunja. “Fundi, hii yaparamia.” Nikaufungua nusu ya unene wa kucha. Niliporudi akaitia kwenye mfuko wake bila neno, na hiyo ndiyo ikawa risiti. Juma lililofuata wakaja wenzake watatu.

Kwa wachongaji hao nilijifunza kukaza springi sawasawa. SUP9 ukiitia maji hupasuka. Inataka mafuta, na mafuta machafu ya injini yanatosha. Unaipasha mdomo mpaka sumaku isiushike tena, ukaacha moto upande kidogo zaidi, kisha ukaizamisha wima. Hapo ni ngumu mpaka ikidondoka huvunjika, kwa hiyo unaing'arisha na kuipasha tena taratibu ukitazama rangi zinavyotembea juu ya chuma: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, buluu. Tezo ya mpingo naikamata kwenye kahawia. Tindo ya kupasulia mawe naiacha ifike zambarau. Kazi hii haifanyiki juani. Mwanga wa saa sita huificha rangi ya moto, chuma kilichopita kiasi ukakiona bado kibichi. Naifanya baada ya maghrib. Mafundi wa panga wa Japani hufunga madirisha ya karakana yao wakati wa kukaza, au hungoja usiku, kwa sababu hiyohiyo.

Wa pili walioniuliza walitoka Bombolulu, upande wa Kisauni, kwenye karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 za mafundi wenye ulemavu. Kule shaba nyeupe na nyekundu na vipande vya chuma hukatwa na kupigwa vikawa bangili, herini na mikufu inayouzwa mbali. Na wapo waundao viti vya magurudumu. Fundi mmoja alinitaka nyundo ndogo za vichwa vya duara, za kupigia shaba, zenye uso laini kabisa. Kila kasoro kwenye uso wa nyundo hujichapa kwenye bangili. Nilikesha kuzing'arisha nyundo zile kuliko kisu chochote nilichopata kukinoa.

Katikati ya hayo niliwahi kufanya kazi kiwanda kimoja cha kuunganisha magari. Kampuni ya Associated Vehicle Assemblers imekuwa ikiunganisha magari Mombasa tangu miaka ya 1970, na viwanda vya namna hiyo hupokea gari likiwa vipande ndani ya makasha, pamoja na vitabu vya maelekezo. Pale kwetu nilishangazwa na kamba. Mtu yeyote kwenye mstari, hata kibarua, akiona kosa aliruhusiwa kusimamisha kazi. Baadaye nikasoma asili yake. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alitengeneza mashine ya kufuma ambayo uzi ukikatika husimama yenyewe. Ile ya mwaka 1924 ilikuwa bora kiasi kwamba kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki zake mwaka 1929. Mwanawe Kiichiro akaingia kwenye magari, na wazo la kusimama kosa linapotokea likaingia naye.

Niliuona uzuri wa kamba ile na niliona pia lisilokuwapo. Nje ya ukuta, umbali wa kutupa jiwe, walikuwako wahunzi na wachomeleaji wanaoweza kufua ndoano, vishikizo, stendi, na kila kifaa kidogo kinachotumika karibu na mstari. Kule Japani kiwanda kikubwa kimezungukwa na vibanda vya baba na mwana vinavyokiuzia vipande. Huku makasha yalikuja na kila kitu mpaka nati ya akiba. Sisi wa nje tulinunua mbao za makasha.

Siku hizi hata springi imekuwa na mambo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti, makaa yakapanda bei, nami nikarudi kwenye vifuu vya baba. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na giza kutanda nchini, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu mpaka Mei, zilipotoka kanuni mpya. Nilikaa na springi za halali, zenye risiti za gereji, nikiogopa kuzipakia kwenye mkokoteni. Nawaelewa walioweka sheria. Mimi pia nilikaa gizani usiku ule. Lakini mtu aliyeung'oa mnara hakuwa akitafuta chuma cha kufulia tezo.

Na sasa kuna Dongo Kundu. Barabara inayotoka Miritini kupita Mwache na Mteza mpaka upande wa Likoni, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, ilifunguliwa yote mwaka 2024, na kando yake kunatengwa eneo maalumu la viwanda. Gati la makontena la Kipevu lililoanza kazi mwaka 2016 nalo ni la mkopo wa Japani. Kijana ninayemfundisha alijiandikisha kwa mtihani wa uchomeleaji wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, akisema huko watauliza cheti kabla hawajauliza mkono. Nikamlipia nusu.

Mwaka jana mkandarasi mdogo wa kazi za mawe alisimamisha pikapu mbele ya kibanda, akaniletea tindo iliyokuja na mashine yake kutoka nje na mchoro wa penseli wenye milimita kila upande. Akataka za namna hiyo, nyingi, zote zilingane, na akataja siku ya kuzifuata. Kijana alikata geji ya bati kutoka kwenye mchoro ule, akaitundika juu ya fuawe. Kila tindo hupitishwa kwenye geji kabla ya kukazwa. Isiyopita inarudi motoni, na hela yake hailipwi mpaka ipite.